Aliyeachia Mlango wa Behewa la Chakula

Sikusikia moto kwanza. Nilisikia neno.

Nilikuwa chini, katikati ya meza za behewa la chakula. Treni ya kutoka Mwanza ilikuwa imeshaiacha Bukene na inakata kona kuja Tabora. Bakuli kubwa la supu limenipindukia. Supu ya ng'ombe imenienea shingoni, kifuani na mkono wote wa kushoto, shati jeupe la kazi limeganda kwenye ngozi. Juu yangu amesimama Mkuu wa Meza. Hakuinama. Akatoa sauti yake ileile ya kukaribishia wageni, akasema, "Samahanini, waheshimiwa. Huyu amelewa."

Meza ya kwanza alikuwepo Katibu Mlekwa wa ushirika, mtu wa Nzega. Akafuta mdomo, akasema, "Ndiyo maana nilimwona anayumba."

Mbele yake alikaa Bwana Alibhai, mwenye duka la vitambaa hapa Tabora mjini. Huyu alikuwa ametazama mlangoni wakati wote. Akaanza, "Lakini mlango ndio ulio..."

"Bwana Alibhai," Mkuu akamkata kwa upole, "samaki wako anapoa."

Bwana Alibhai akala samaki. Mimi niko sakafuni nalia, nasikia uma wake unagonga sahani.

Halafu ndipo moto ukaja.

Pombe sijaionja toka nizaliwe. Hata wanzuki, hiyo pombe ya asali ambayo kwetu Tabora mtu anaweza kuinusa arusini akajiona amekunywa, mimi nilikuwa naipita mbali. Kwa hiyo naandika. Shule yangu ni darasa la nne, tena hilo la nne sikulimaliza. Anayetaka kuzicheka herufi zangu azicheke. Mkuu nitamwita Mkuu, maana mwenyewe hakupenda jina lake, alipenda cheo, na hapa Tabora, mtaa mzima wa Ipuli, ukitaja cheo hicho wanajua unamsema nani. Wengine nitawataja kwa majina.

Nianze na kengele, kwa sababu mambo yote yalitoka hapo.

Haikuwa kengele ya kutikisa kama ya shule. Kilikuwa kisanduku cha mbao chenye vibao vinne vya shaba, kinapigwa kwa kijiti chenye kichwa cha mpira. Saa ya chakula ikifika, Mkuu anavaa koti jeupe, anatundika kitambaa cha mezani kwenye mkono, anapita behewa hadi behewa akipiga: ting, tong, tang, tong. Watu wa daraja la kwanza na la pili wanainuka wananyoosha nguo. Alikuwa akipiga vizuri, siwezi kumnyima hilo. Wapo watoto wa wakubwa waliomfuata nyuma wakiuimba ule mlio, naye anawatabasamia.

Alijivuna sana kwa kengele hiyo. "Zamani," alikuwa akituambia sisi wahudumu, "njia hii hii watu wa Tabora waliikanyaga kwa miguu mpaka pwani, pembe za ndovu mabegani. Mbele anatangulia kirangozi na ngoma yake. Akipiga, msafara unakwenda. Asipopiga, hakuna wa kunyanyua mguu. Sasa kirangozi ni mimi, ninyi ni wapagazi wangu." Akatuita hivyo kila siku. Mpagazi, lete chumvi. Mpagazi, sahani hii ina doa. Tulicheka mwanzoni. Mtu akikuita jina kwa mzaha miaka na miaka, siku moja unaitika bila kucheka.

Basi ukaja Ujamaa, na agizo likaja kutoka juu kwamba sisi sote ni ndugu, behewa la chakula ni la abiria wote, kengele ipigwe treni nzima mpaka daraja la tatu. Wahudumu tulimtazama tuone atasema nini. Hakubisha. "Agizo ni agizo," akasema.

Siku ya kwanza nilimfuata nyuma, nimebeba maji ya kunywa. Akapiga daraja la kwanza, ting, tong. Akapiga la pili. Tulipofika kwenye mlango wa la tatu akasimama, akakitoa kile kitambaa mkononi, akakizungusha kwenye kichwa cha kijiti, mara moja, mara mbili, akafunga fundo. Kisha akaingia, uso umekunjuka, anapiga kama kawaida. Mlio ukawa dup, dup, dup, kama mtu anayekung'uta mto. Humo ndani kuku wanalia, watoto wanalia, watu wanasimuliana habari za mazao na za kuhamia vijiji vipya. Nani atasikia dup? Tulipotokea upande wa pili akafungua fundo, akakunja kitambaa, akakirudisha mkononi.

Siku nyingine akipanda mkubwa wa reli anamuuliza, "Vipi, daraja la tatu unawapigia?"

"Nawapigia, mheshimiwa. Hawaji."

"Kwa nini?"

"Wana vyakula vyao wale. Halafu uma unawapa tabu."

Wanacheka wote wawili. Na ukimshika kwa maneno, humpati. Alipiga kweli, na kweli hawakuja. Huyo ndiye Mkuu. Katika miaka yote niliyofanya kazi chini yake sikumsikia akisema uongo hata mara moja, mpaka siku yangu.

Neno ndugu alilitumia vilevile, limefungwa kitambaa. Waheshimiwa walibaki waheshimiwa. Bwana Alibhai alibaki Bwana Alibhai. Ukimsikia amesema "ndugu", ujue anayeambiwa atakaa meza ya mwisho, ile inayopigwa na moshi wa jiko, na atahudumiwa watu wakishakula. "Ndugu, subiri kidogo." "Ndugu, mkate umekwisha." Alilitamka taratibu, kama mtu anayeweka chini kitu kichafu.

Sasa niseme jambo moja kuhusu safari ndefu za treni, kwa sababu nimebeba sahani nyingi na nimeona. Chakula kilikuwa kilekile. Supu, samaki au kuku, wali, ndizi, chai. Mtu akishuka stesheni akasema safari ilikuwa nzuri au mbaya, hasemi juu ya supu. Anasema juu ya aliokaa nao na aliyemwekea sahani. Nakumbuka bwana shamba mmoja wa Igunga, mcheshi, akipanda huyo behewa zima linageuka sebule, meza hadi meza wanapigiana kelele, hata mpishi wetu Hamadi anatoa kichwa jikoni asikilize habari za fisi. Na akipanda Katibu Mlekwa, watu walewale wanakula kama wako kwenye kikao. Anaongea yeye tu. Alikuwa hodari wa kuhutubia juu ya ndugu wakulima huku anachambua miiba ya sato. Mkuu alijua yote haya. Ndiye aliyepanga nani akae na nani. Kwa kidole tu, "hapa, mheshimiwa," "pale, ndugu," alikuwa ameshaamua mtu huyo atakumbuka nini maisha yake yote.

Na alijua kutenda wema, ndilo linaloniudhi. Niliona mara moja amemweka mama mfiwa peke yake dirishani, akakataza mtu yeyote asikae pale, akampelekea chai bila kuulizwa, tena na tena, mpaka yule mama akaacha kulia. Mimi mwenyewe nilipoanza kazi, sina hata viatu, alinipa vyake. Alinifundisha kubeba bakuli lililojaa bila kumwaga: magoti yawe laini, macho yawe mbele, usiitazame supu. Nilimpenda. Nalisema hilo ili ijulikane kwamba simchukii kwa mazoea.

Pale Bukene treni ikisimama, yeye mwenyewe aligawa mikate iliyobaki kupitia dirishani. Watoto na vikongwe walimjua, wakamwita babu. Lakini mmoja wao akithubutu kukanyaga ngazi ya behewa, anafukuzwa na yeye huyo huyo, kwa kitambaa kilekile, kama nzi. Nikamuuliza, "Mkuu, si ndio wale wale?"

Akanijibu, "Mtu akiwa nje nampa, na anajua amepewa. Akishaingia ndani anasahau."

Na jambo jingine. Hakuna abiria aliyewahi kumwona akila. Alikula jikoni, amesimama, uso kwenye ukuta, ugali kwa mkono, haraka haraka kama mtu anayeiba. Uma aliowacheka nao watu wa daraja la tatu, yeye mwenyewe hakuugusa isipokuwa kuusugua.

Siku yangu ilianza na jino. Mkuu aliamka shavu limevimba hata jicho linafumba. Aliona haya kupita behewa hadi behewa na sura ile. Saa ya chakula cha mchana akanipa kisanduku na kijiti, halafu akanipa kitambaa. "Kapige," akasema kwa shida. "Pa kukifunga unapajua."

Nikapiga daraja la kwanza. Nikapiga la pili. Nikafika kwenye mlango wa la tatu, nikakitoa kitambaa. Karibu na mlango amekaa mama mtu mzima wa vijiji vya Nzega, kanga mbili, kibuyu cha maji miguuni.

"Mwangaluka, baba," akanisalimu. "Na hicho nini?"

"Kengele, mayu, mama yangu. Ya chakula."

"Ya nani?"

"Ya wote," nikasema.

Sasa nimeshasema ya wote, ananitazama, kitambaa kimening'inia mkononi. Nitakifunga vipi mbele ya macho yake? Nikakisokomeza mfukoni, nikapiga. Ting, tong, tang, tong. Behewa zima likanyamaza, hata kuku. Kisha mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Tunahamishwa tena?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Nikawaeleza kwamba ni chakula, behewa la mbele, anayetaka aje. Wengi walibaki na chakula chao. Wachache walinifuata, yule mama akiwa wa kwanza, kibuyu chake mkononi.

Akachagua meza ya pili, karibu kabisa na waheshimiwa. Katibu Mlekwa akageuza shingo. "Mkuu, leo kuna mkutano wa kijiji humu?"

Mama akamtambua. "Katibu! Si wewe juzi uwanjani umetuambia sisi ni ndugu zako? Haya, ndugu zako tumefika. Tusogezee chumvi."

Behewa likalipuka kwa kicheko. Bwana Alibhai alicheka mpaka akashika kifua. Asiyecheka ni Katibu. Hakumtazama mama, alimtazama Mkuu. Na Mkuu, shavu limevimba, hakumtazama Katibu. Alinitazama mimi, halafu akatazama mfukoni mwangu, ambapo kipande cha kitambaa cheupe kilikuwa kinachungulia.

"Lete supu," akasema.

Mlango wa jikoni ulikuwa na springi kali. Aliyebeba bakuli ana mikono miwili kwenye masikio ya bakuli, hawezi kuusukuma. Kwa hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Mkuu, na hakuwahi kumwachia mtu mwingine: anaushika mlango wazi, anasema, "Pita, mpagazi," na wewe unapita, huangalii pembeni. Ndiyo amri ya kwanza aliyotufundisha. Ukisikia "pita", pita.

Nikaja na bakuli limejaa. Treni imeingia kwenye kona. Mkuu ameushika mlango. "Pita, mpagazi," akasema.

Nikapita, naye akauachia.

Ulinipiga begani na kwenye bakuli kwa pamoja. Mengine mmeshayasoma. Ambalo hamjalisoma ni hili: aliyenimwagia maji ya kwanza ni yule mama, kwa kibuyu chake, na ndiye aliyenifungia mkono kwa kanga. Alikuwa anapiga kelele, "Kauachia! Mlango kauachia huyu, nimeona kwa macho yangu!" Mkuu akamgeukia. "Ndugu," akamwambia, "rudi behewani kwako."

Tabora nikapelekwa hospitali. Wakubwa wa reli wakauliza pale stesheni, mimi sipo. Mkuu akasema nimelewa. Katibu Mlekwa akasema nilikuwa nayumba. Mtu yuko ndani ya treni, treni iko kwenye kona, amebeba supu, halafu anashtakiwa kwa kuyumba! Na Katibu mwenyewe je? Hata ile chumvi ilikuwa inayumba! Hamadi mpishi, aliyekuwa hatua mbili nyuma yangu na ndiye aliyelijaza bakuli, akasema alikuwa ameinamia jiko. Bwana Alibhai akasema hakuona vizuri. Siku zile Mhindi mwenye duka alikuwa anamwogopa katibu yeyote, hilo nalijua, na bado alikuwa ameona. Mama wa Nzega hakuulizwa. Treni ilipofika aliteremka na wenzake, jina lake sikulipata.

Nikafukuzwa kazi kwa ulevi. Vidole vya mkono wa kushoto vilipona vimeshikana, kama mwiko. Nauza mkaa hapa mtaa wa Isevya, na mkono mmoja unatosha kwa mkaa. Kisichotosha ni jina. Baba mkwe alimchukua mke wangu akiwa na mimba ya Zuhura, akasema binti yake hatalala na mlevi, na mke aliporudi, Zuhura alikuwa ameshaota meno. Kwenye maulidi, ambako zamani mimi ndiye niliyekuwa nagawa chakula kwa sababu najua kubeba, wakaanza kuniambia, "Wewe kaa tu, pumzika." Mpaka leo nakaa tu. Nikijikwaa kwenye jiwe njiani, kuna mtu anacheka.

Na sasa Zuhura ameposwa. Kijana mzuri, fundi cherehani, watu wake wako Ipuli. Baba zake wadogo wametuma maneno ya heshima kabisa: binti hana kasoro, lakini wamesikia baba yake alitolewa reli kwa ulevi, na wangependa kuliweka wazi kabla hawajaendelea. Zuhura hakuniuliza kitu. Alinitengea chakula, akakaa, akawa anautazama mkono wangu.

Mkuu naye amestaafu Ipuli, mitaa miwili tu kutoka kwa watu hao. Wanamheshimu. Neno lake moja lingetosha. Nikafunga duka la mkaa asubuhi, nikaenda.

Nilimkuta barazani, amezeeka, macho yana ukungu. "Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba." Akageuza sikio. "Huyo ni mpagazi wangu."

Hakunikaribisha kwa maneno. Aliingia ndani, nikasikia vyombo. Akatoka na meza ndogo, akaitandika kitambaa cheupe, akaupanga uma na kijiko kwa kupapasa, sawasawa kabisa. Halafu akaleta bakuli la supu. Mikono inatetemeka, miguu inaburuta, na hakumwaga hata tone. Akalitua mbele yangu, akabaki amesimama nyuma ya bega langu kama zamani.

Sikula. Nikamweleza habari ya Zuhura. Nikamwambia, "Sitaki kitu kingine. Waambie tu kwamba sikuwa nimelewa."

Mkuu akaunyoosha uma kwa kidole. Kisha akasema, "Ulikuwa unayumba."

"Mkuu, wewe uliuachia mlango."

"Milango ya treni inajiachia."

"Miaka yote ile haikujiachia hata siku moja. Wewe ndiye uliyekuwa umeushika."

Nikasikia pumzi yake nyuma yangu. Nilidhani atanifukuza. Akasema, pole pole, "Na wewe ulikuwa na kitambaa changu mfukoni."

Nikageuka kumtazama. Miaka imepita, macho hayaoni, kitambaa anakikumbuka.

"Ulinivua nguo mbele ya wageni wangu," akasema. "Halafu nikushikie mlango?"

"Basi kawaambie hivyo hivyo. Neno kwa neno."

"Hayo nimekwambia wewe. Mbele za watu siwezi kusema." Akainama, akaitwaa ile supu, akairudisha ndani. Sikumwona tena.

Kwa hiyo nayasema mimi mbele za watu. Wazee wa mchumba wanakuja kwangu Isevya Ijumaa baada ya sala, na nimeomba waliokuwepo waje. Katibu Mlekwa, bado uko Nzega na bado unahutubia, njoo ueleze ndani ya treni nani alikuwa hayumbi. Bwana Alibhai, duka lako naliona kila nikipita sokoni, njoo uimalizie ile sentensi uliyoikata kwa ajili ya samaki. Hamadi, uliliinamia jiko, sasa inua kichwa. Na wewe Mkuu, usiseme hukusikia kuitwa, nakuita bila kitambaa. Njoo ujibu swali moja: nani aliuachia mlango?

Macho yako ni mabovu, najua. Mlango wa kwangu una kizingiti kirefu. Nitasimama pale mwenyewe, nitaushika kwa mkono huu huu wa kushoto, wala sitauachia.

Pita, Mkuu. Watu wameshakaa.